Paipu ya breki iliyopasuka: mwongozo kamili wa kuibadilisha kwenye Land Rover Series III

Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya aluminiamu, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Gari la 1975 linasimama uani rangi ikimeta, milango haina doa la kutu, kumbe chesisi ni chuma na paipu za breki ni chuma chembamba chenye ukuta wa milimita 0.7 tu. Tope la masika likikauka juu ya chesisi huikumbatia paipu mwaka mzima, na likilowa tena kutu inaendelea pale ilipoishia. Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Unguja ongeza chumvi ya upepo wa bahari. Kwa yanayobeba samaki, ongeza na maji yanayodondoka kutoka kwenye matenga.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi za kabla ya 1980 zina breki za njia moja: masta silinda inasukuma mafuta yaleyale kwenda matairi yote manne. Tundu dogo kama la sindano kwenye paipu ya nyuma linaondoa breki za mbele pia, kwa sababu presha yote inakimbilia kwenye tundu hilo. Pedali inazama hadi sakafuni na unabaki na handibreki peke yake. Magari ya miaka ya mwisho yana njia mbili, mbele na nyuma zikiwa mbalimbali, na humo paipu ikipasuka unabakiwa na nusu ya breki.

Tutafuata paipu moja kutoka mwanzo hadi mwisho: ile ndefu inayotoka kwenye kiungo cha mbele, ikapita kwenye chesisi hadi kwenye hozi ya mpira juu ya ekseli ya nyuma. Ndiyo inayooza mara nyingi na ndiyo yenye kazi kubwa. Fupi zote zinafanywa kwa njia hiyohiyo.

Kwanza hakikisha ni paipu kweli

Mafuta yakipungua kwenye kopo la masta silinda, sehemu nne zinaweza kuwa zinavuja: paipu, hozi, wili silinda ndani ya ngoma, au masta silinda yenyewe. Masta silinda ikivuja, mafuta yanatiririka kwenye mkono wa pedali. Wili silinda ikivuja, utaona unyevu chini ya sahani ya nyuma ya ngoma, mara nyingi ukiwa na mstari ndani ya tairi. Osha chini ya gari kwa maji, liache likauke, jaza mafuta, kisha mtu akanyage pedali polepole huku wewe ukiwa pembeni na tochi. Usilaze uso chini ya paipu: mafuta ya breki yakiingia machoni yanaunguza.

Angalia hasa mahali klipu zinaposhika paipu, juu ya chesisi panapokusanya tope, na pale paipu inapopindia kuelekea ekseli ya nyuma. Paipu iliyopasuka haionyeshi ufa kila wakati. Mara nyingi unaona kipande chenye ngozi ya kutu iliyovimba na mafuta yakichuruzika kutoka chini yake. Kwangua ngozi hiyo kwa bisibisi kidogo tu. Ukikuta mashimo mashimo ya kutu, hata kama hapavuji bado, paipu hiyo imekwisha. Na kama moja imefika hapo, zilizobaki zina umri uleule na zimepita kwenye matope yaleyale. Kubadilisha zote kwa siku moja ni nafuu kuliko kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) mara nne kwa mwaka.

Gari likiwa barabarani, usiliendeshe hata polepole. Livutwe kwa chuma cha kuvutia au lipakiwe, lakini si kwa kamba, kwa sababu la nyuma halitaweza kusimama.

Njia za mkato zinazoua

Hesabu ya presha inafaa kuwa kichwani kabla ya mtu kukushauri. Mguu ukibonyeza kwa nguvu ya kilo 50, na pedali ikaizidisha mara 5, pistoni ya inchi 1 inasukumwa kwa kilo 250 juu ya eneo la sentimita mraba 5 na kidogo. Hiyo ni karibu bar 48. Mtoto akikatiza barabara ukakanyaga kwa kilo 80, unafika bar 77. Tairi lako lina bar 2.

Sasa pima ushauri unaosikika gereji. Kukata sehemu iliyooza na kuunganisha kwa hozi ya petroli na kleme mbili: hozi hiyo imetengenezwa kwa presha ndogo sana, na mpira wake unavimba ukikutana na mafuta ya breki. Inaweza kushika kwa wiki nzima ya breki za taratibu, ikaachia siku utakayokanyaga kwa nguvu. Kuchomelea tundu kwa shaba au gesi: ukuta wa milimita 0.7 ulioliwa na kutu unaungua pembezoni mwa kiraka, na ndani mnabaki masizi yanayokwenda kukata raba za silinda. Kugonga paipu ya tairi moja kwa nyundo hadi ijifunge: gari linavuta upande ukifunga breki, na mkunjo uliogongwa ndio utakaopasuka baadaye.

Viungo vya kubana kwa pete, vile vya mabomba ya maji na gesi, navyo havifai. Pete inashika paipu kwa kuibana tu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unailegeza. Kuunganisha kipande kipya na cha zamani kunakubalika tu kama kiungo ni cha breki chenye nati na midomo (ncha za paipu zilizopanuliwa ili zizibe) iliyotengenezwa sawasawa pande zote mbili, na kama kipande cha zamani ni kizima kweli. Kwa paipu iliyooza katikati, huo uzima hutaupata.

Paipu gani ununue

Paipu ya Series III ni ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Pima kwa kalipa kila unayotaka kubadilisha, hasa karibu na masta silinda, kwa sababu unaweza kukuta nene ya inchi 1/4. Mwendo wa paipu ndefu upime kwa waya laini ya umeme: ifuatishe paipu ya zamani kona kwa kona, inyooshe, kisha ongeza sentimita 15. Kabla ya kununua jua pia kama gari lako ni 88 au 109, yaani inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maana kwenye 109 umbali huo umezidi kwa sentimita 53. Ukitaka kubadilisha zote, anza na roli moja ya futi 25, ambayo ni mita 7.6, na upime jumla kabla ya kununua ya pili.

Chuma chenye koti la zinki ni imara na bei yake ni ndogo, lakini ni kigumu kukunja na mashine rahisi ya kutengenezea midomo inateleza juu yake. Aloi ya shaba na nikeli, yenye nikeli asilimia 10, inakunjika kwa mkono, inatoa midomo safi na haili kutu ya chumvi. Kwa gari la pwani ndiyo ya kununua, hata kama bei ni ya juu. Shaba tupu inauzwa katika baadhi ya nchi kwa kazi hii, ila inakuwa ngumu na kuchoka kadiri inavyotikiswa, na Land Rover inatikisika.

Iangalie sana paipu ya friji. Inafanana na paipu ya breki, ni laini na inapatikana kila mtaa, lakini vipimo vyake na ukuta wake si vya breki. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikuambia ni ileile, mwombe uione karatasi au alama inayosema ni ya breki. Akishindwa, hamia duka la pili.

Nati: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Nati za Series III nyingi ni za inchi 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi, aina ya UNF. Magari ya mwisho mwisho yana nati za M10 zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. Ukizitazama kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ile ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5 na hatua ya milimita 1.06. Ukiiingiza kwenye tundu la M10 itazunguka vizuri, hata itaonekana imekaza, lakini imeshika nchani tu mwa nyuzi, na presha ikipanda inachomoka na kila kitu. Ukiifanya kinyume, M10 kwenye tundu la 3/8, utahisi ugumu mzunguko wa pili. Ukilazimisha umekata nyuzi za wili silinda. Nati nzuri inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Isipoingia hivyo, simama.

Gari la miaka 45 limeshapita mikono mingi, kwa hiyo usidhani silinda zote nne ni za aina moja. Jaribu kila tundu kwa nati unayoijua.

Kuna jambo la pili: nati ni za aina mbili, na kila moja ina mdomo wake. Nati dume, ile yenye nyuzi kwa nje inayoingia kwenye kiungo na kwenye wili silinda, inataka mdomo ulioumuka kama kichwa cha uyoga. Nati jike, yenye nyuzi kwa ndani inayovaa juu ya ncha ya hozi, inataka mdomo uliokunjwa mara mbili, wenye shimo kama faneli. Paipu ndefu ya nyuma kwa kawaida ina dume upande wa kiungo cha mbele na jike upande wa hozi. Maana yake paipu moja ina midomo miwili tofauti. Kwa sababu hiyo usitupe paipu ya zamani mpaka gari limefunga breki tena: ndiyo ramani yako.

Nunua nati mpya mbili kwa kila paipu na za ziada mbili.

Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

Spana ya paipu ya 7/16, ile inayofanana na ringi iliyokatwa mdomo, na ya 1/2 kwa nati jike. Nati ya 7/16 ina upana wa milimita 11.1. Spana ya 11 inabana au haiingii kabisa, ya 12 inaikata kona. Kikata bomba kidogo chenye gurudumu, mashine ya kutengenezea midomo yenye kalibu (vipande vinavyoupa mdomo umbo) za 3/16 au 4.75, tupa nyembamba, jiliwa, klipu mpya zenye mpira, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, spiriti, na mafuta ya breki ya DOT 4, lita 1, kopo ambalo halijafunguliwa.

Kuhusu mafuta: DOT 3 na DOT 4 ni ndugu na zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni na haichanganyiki nazo, usiongeze hata tone. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi joto 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155. Kopo lililoachwa wazi kwenye hewa ya pwani linanyonya unyevu huo bila wewe kuona. Mafuta ya gia, ya injini au ya hidroliki hayaingii humu kabisa, kwani yanavimbisha kila raba ya mfumo na hapo kazi yako inakuwa kubadilisha silinda zote. Petroli na dizeli zisitumike hata kuoshea.

Kuinua na kuandaa gari

Handibreki ya Land Rover hii haiko kwenye matairi. Ni ngoma iliyo nyuma ya gia boksi inayoshika propela shafti. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililo juu lizunguke upande mmoja na lililo chini upande wa pili, na gari linaondoka kwenye jeki huku handibreki ikiwa imevutwa hadi juu. Kuweka gia hakusaidii, kwa sababu nguvu inapita kwenye difu hiyohiyo. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele, kwenye ardhi ngumu na tambarare, ndipo uinue nyuma yote na kuilaza chesisi juu ya stendi mbili. Tani moja na zaidi haitegemei jeki wala matofali. Kwa paipu ndefu huhitaji kufungua matairi.

Toa waya wa betri. Kisha bonyeza pedali kama sentimita 4 na uishikilie hapo kwa kijiti kilichoegeshwa kwenye kiti. Pistoni ikisogea hivyo inaziba njia ya mafuta kutoka kwenye kopo, na hutapoteza mafuta yote sakafuni ukifungua paipu. Bila kutoa betri, taa za breki zitawaka muda wote wa kazi.

Funika bodi karibu na unapofanyia kazi. Mafuta ya breki yanavua rangi. Yakidondoka, mwaga maji mengi papo hapo, maana kufuta kwa kitambaa kunayatandaza tu.

Kutoa paipu ya zamani

1. Piga brashi ya waya kwenye viungo vyote viwili hadi uone chuma. Uchafu uliobaki utaingia ndani ya mfumo.

2. Weka mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Kwa gari la pwani siku mbili si nyingi.

3. Upande wa hozi, shika ncha ya hozi kwa spana moja na zungusha nati jike kwa nyingine. Hozi ikijipinda pamoja na nati inakatika nyuzi za ndani, na kwa nje haionyeshi lolote. Kama hozi ina nyufa au ina umri usiojulikana, ibadilishe leo.

4. Upande wa kiungo, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha legeza. Nati ikizunguka pamoja na paipu, kutu imeziunganisha. Usiendelee kuzungusha.

5. Ikikwama au ikianza kupoteza kona, kata paipu kwa msumeno karibu kabisa na nati, kisha vaa soketi ya pembe sita. Soketi inashika kona zote, na kwa kuwa paipu unaitupa huna cha kuogopa. Fundi wengi wanahangaika na spana nusu saa kabla ya kukumbuka hili.

6. Moto ni hatua ya mwisho, na ni kwa viungo vya chuma vilivyotolewa kwenye gari. Mafuta ya breki yanawaka, na hozi ya mpira ikiwa karibu na moto imeshaharibika.

Ziba matundu yaliyobaki kwa kofia za plastiki au vipande vya nailoni vilivyofungwa kwa uzi. Kwenye Series II na IIA, zilizotangulia Series III, kiungo cha mbele ndicho kinachobeba swichi ya taa za breki inayofanya kazi kwa presha. Ikague sasa, kwani nayo huvuja.

Toa paipu ikiwa nzima kadiri uwezavyo, bila kuinyoosha.

Kukata na kutengeneza midomo

Hapa usiwe na haraka. Viungo vingi vinavyovuja baada ya kazi hii viliharibika kwenye meza, kabla ya kufika kwenye gari.

Kata kwa gurudumu, ukikaza robo mzunguko kila baada ya duara moja. Msumeno unaacha ncha iliyokaa upande, na mdomo utakaotoka hapo utakuwa umeinama. Ondoa makali ya ndani kwa ncha ya kikwangulio na ya nje kwa tupa, huku mdomo wa paipu ukielekea chini ili vumbi la chuma lisiingie. Piga hewa ndani.

Vaa nati kwenye paipu, ikielekea upande sahihi, kabla hujatengeneza mdomo. Kila fundi ameshasahau hili walau mara moja.

Funga paipu kwenye kishikio cha mashine, tundu la 4.75. Ncha itokeze juu ya kishikio kwa urefu sawa na bega la kalibu: simamisha kalibu pembeni ya ncha na linganisha. Ikizidi, mdomo unakunjamana, ikipungua, haujai. Paka tone la mafuta ya breki kwenye ncha. Kama paipu ni ya chuma na inateleza, futa koti lake kidogo kwa msasa mahali linaposhikwa, na kaza kishikio kwenye jiliwa.

Bonyeza kalibu hadi bega lake liguse kishikio. Legeza, toa kalibu, tazama. Hapo una mdomo wa uyoga, wa nati dume, na kazi ya upande huo imekwisha. Kwa upande wa nati jike endelea: weka koni bila kalibu na ukaze hadi ukuta uingie ndani na kukaa juu yake wenyewe. Hicho ndicho kinachofanya mdomo uwe wa tabaka mbili. Usikaze kwa nguvu zote, maana ukuta ukibanwa kupita kiasi unakuwa mwembamba na kupasuka ukingoni.

Mgongo wa mdomo nao una umbo, na mara nyingi unasahaulika. Nati yenye uso bapa inataka mdomo wenye mgongo bapa. Nati yenye uso wa mteremko inataka mgongo wa mteremko wa digrii 45. Mashine nyingi za bei rahisi zina kishikio chenye mteremko upande mmoja na bapa upande wa pili, kwa hiyo kigeuze ipasavyo kabla ya kufunga paipu. Ukichanganya, nati inashika kwenye duara jembamba tu na kiungo kitatoa jasho la mafuta kila ukikanyaga.

Mdomo mzuri una kipenyo cha karibu milimita 7, umekaa katikati ya paipu, hauna ufa, hauna mkwaruzo kwenye uso unaoziba. Tengeneza mitatu au minne kwenye vipande vya kutupa kabla ya kugusa paipu yenyewe, na iweke kando ya ule wa zamani. Ukiwa na shaka, kata na urudie. Zile sentimita 15 za ziada zilikuwa za kazi hii.

Tengeneza mdomo wa upande mmoja tu kwa sasa. Wa pili usubiri hadi paipu imekunjwa na kukaa kwenye gari, ndipo ujue urefu kamili. Ila kama nafasi juu ya ekseli hairuhusu mashine, weka alama, toa paipu, malizia kwenye jiliwa.

Kukunja na kufunga

Laza paipu mpya sambamba na ya zamani chini sakafuni na nakili kona moja baada ya nyingine, kuanzia upande wenye mdomo. Kunja kwa kuzungushia soketi kubwa au kapi, upinde usipungue milimita 20 kutoka katikati. Paipu ikibonyea kwenye kona, kipande hicho kimeharibika: mkunjo uliobonyea unabana mafuta na ndio unaoanza kuchoka. Acha sentimita 3 au 4 zilizonyooka karibu na kila nati, isije ikakwama kwenye kona.

Ndani ya paipu iliyokunjwa pitisha spiriti, kisha hewa, hadi ikauke kabisa.

Iingize kwenye gari. Shika nati zote mbili kwa vidole kwanza, mizunguko mitatu au minne, kabla hujafunga klipu yoyote. Ukikaza upande mmoja kabisa, wa pili hautalenga. Klipu ziwe na mpira na zipishane kama sentimita 30. Paipu isiguse chesisi mahali popote nje ya klipu, kwani ikisuguana itatoboka bila hata kutu. Iwe mbali na ekzosi kwa sentimita 3 au zaidi, na hakikisha hakuna kona inayoning'inia chini ya chesisi ambako kisiki kinaweza kuishika. Ipitishe kwenye njia ileile ya kiwandani, hata kama unaona ya mkato.

Kaza, legeza robo mzunguko, kaza tena: mdomo unakaa vizuri zaidi hivyo. Nguvu ya kukazia ya Nm 11 hadi 15 inatosha. Kama kiungo hakijaziba kwa kiasi hicho, kasoro iko kwenye mdomo, na kuongeza nguvu kutaukata tu. Usiweke gundi wala mkanda wa mabomba kwenye nyuzi. Nyuzi hazizibi chochote, kazi hiyo ni ya mdomo. Ukiwa umefungua hozi kutoka kwenye wili silinda, weka washa mpya ya shaba.

Kutoa upepo

Toa kijiti kwenye pedali. Jaza kopo.

Mmiliki wa 109 anajua kwamba breki za inchi 11 zinakataa kutoka upepo, kwa sababu mbele kila tairi lina wili silinda mbili. Kuna mbinu inayookoa saa nzima: kaza nati za kuajastia breki shuu za matairi yote hadi ngoma zijifunge. Pistoni zinarudishwa ndani, nafasi ya upepo kujificha inapungua, na pedali inakuwa juu mapema.

Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari ya Kenya, Tanzania na Uganda yenye usukani kulia, ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kwa yenye usukani kushoto, kama ya Rwanda, Burundi na Kongo, anza nyuma kulia.

Vaa mpira wa plastiki unaoonyesha kwenye niple (skrubu ya kutolea upepo nyuma ya ngoma), ncha ya pili izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia. Fungua niple nusu mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unaingia tena. Paipu ndefu ni kavu, kwa hiyo tairi la kwanza linaweza kuhitaji mikanyago 20 au zaidi. Angalia kopo kila mikanyago 5 au 6. Likikauka mara moja, unaanza upya.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali kisiruhusu iguse sakafu. Masta silinda ya zamani ina sehemu ya ndani ambayo raba hazijawahi kufika, nayo ina kutu na uchafu. Ukisukuma raba hadi huko zinachanika, na kesho yake utasema paipu mpya ndiyo mbovu.

Kwenye magari ya njia mbili, taa ya onyo inaweza kuwaka kwa sababu pistoni ndogo ya valvu ya presha imesogea upande mmoja. Fungua niple ya upande wa pili, bonyeza pedali polepole hadi taa izime, kisha funga.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye kopo. Legeza breki shuu na uziajasti upya, tairi lizunguke bila kukwama.

Majaribio kabla ya barabara

Kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie sekunde 60. Pedali ikiwa ngumu na ikabaki pale ilipo, endelea. Ikiwa laini kama sponji, bado kuna upepo. Ikizama polepole, kuna kinachovuja: futa viungo vyote vikauke, funga karatasi ya chooni kavu kwenye kila nati, kanyaga tena, na utazame ni ipi iliyolowa. Zote zikiwa kavu na pedali bado inazama, raba za masta silinda zimechoka.

Kiungo kilicholowa kikaze kidogo tu zaidi. Kikiendelea, kifungue na uutazame mdomo. Mduara wa mgandamizo unapaswa kuonekana kuzunguka uso wote. Ukionekana upande mmoja tu, mdomo umeinama na paipu inarudi kwenye meza.

Jaribu uwanjani kwanza, kilomita 10 kwa saa, halafu 20, halafu 30, mkono ukiwa karibu na handibreki. Likivuta upande, ajasti breki shuu kabla ya kulaumu paipu. Baada ya kilomita 100 hivi za barabara mbovu, ingia chini tena na tochi: kagua viungo viwili, klipu zote, na usawa wa mafuta kwenye kopo. Paka viungo grisi nyepesi kwa nje, ili atakayefungua nati hizo baadaye asihitaji msumeno.